Neno la Mwanamke na Shahidi wa Pili: Historia ya Ushahidi katika Mahakama za Kenya na katika Riwaya ya Kiswahili

Tangu miaka ya themanini ya karne iliyopita, wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamelishughulikia mno suala la usawiri wa mwanamke. Tasnifu nyingi zimeandikwa, na nyingi kati yazo zimefuata njia moja: mhakiki huwataja wahusika wa kike mmoja baada ya mwingine, huonyesha jinsi walivyodhulumiwa, kisha huamua iwapo mwandishi amefaulu kumkomboa mwanamke au la. Utafiti wa aina hii una faida yake. Hata hivyo, umeliacha kando swali ambalo kwa mwanamke aliyepigwa au kubakwa ndilo la kwanza: akisema, nani atamsadiki? Makala haya yanalifuata swali hilo katika historia mbili ambazo zimeenda sambamba bila kukutana, yaani historia ya kanuni za ushahidi katika mahakama za Kenya na historia ya riwaya ya Kiswahili. Linalodaiwa hapa ni kwamba riwaya, ambayo haikufungwa na kanuni yoyote ya mahakama, kwa muda mrefu ilimnyima mwanamke kitu kile kile alichonyimwa na sheria: nafasi ya kuwa shahidi wa mambo yaliyompata yeye mwenyewe.

Neno lenyewe, shahidi, linastahili kutazamwa. Kiswahili kililitwaa kutoka Kiarabu likiwa na maana mbili, na kikazihifadhi zote. Shahidi ni mtu aliyeona au kusikia jambo, naye akaitwa kulieleza. Shahidi pia ni mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, kama tunavyosema mashahidi wa Uganda. Wa kwanza huthibitisha kwa kauli yake. Wa pili huthibitisha kwa mwili wake, na akishathibitisha hayupo tena kuhojiwa. Umbali ulioko baina ya maana hizi mbili ndio umbali ambao mlalamikaji wa kike ameusafiri, mahakamani na kitabuni.

Kanuni iliyomtilia shaka mlalamikaji huyo haikuzaliwa Kenya. Chimbuko lake hutajwa kuwa ni maandishi ya Sir Matthew Hale, Jaji Mkuu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1676, maandishi ambayo yalichapishwa mwaka 1736, miaka sitini baada ya kifo chake. Hale alionya kwamba shtaka la ubakaji ni jepesi kutolewa na gumu kuthibitishwa, na kwamba ni gumu zaidi kwa mshtakiwa kujitetea dhidi yake hata akiwa hana hatia. Onyo hilo lilirudiwa na majaji wa Kiingereza kwa zaidi ya karne mbili. Inafaa kukumbuka, ingawa ni kando kidogo ya mada, kwamba Hale huyo huyo ndiye aliyeketi katika kesi ya uchawi huko Bury St Edmunds miaka ya 1660, ambapo wanawake wawili walinyongwa kutokana na mashtaka yaliyotegemea kwa sehemu kubwa mahangaiko ya wasichana wadogo waliodaiwa kurogwa. Neno la msichana lilikuwa na uzito wa kutosha lilipomwelekea ajuza.

Sheria ya Kiingereza ilifika Afrika ya Mashariki kwa kupitia Bara Hindi. Amri ya mwaka 1897 iliingiza katika Himaya ya Afrika ya Mashariki Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860 na Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872. Kanuni ya Adhabu iliwekwa kando mwaka 1930, koloni lilipotungiwa yake, lakini mfumo wa ushahidi wa India ulidumu. Mfumo huo ulikuwa na vifungu viwili vinavyovutana. Kimoja kilisema kwamba hapahitajiki idadi yoyote maalumu ya mashahidi ili jambo lithibitike, isipokuwa pale ambapo sheria imetamka vinginevyo. Kingine kiliruhusu, mwanamume anaposhtakiwa kwa kubaka, ionyeshwe kwamba mlalamikaji ni mwanamke mwenye mwenendo mbaya kwa jumla. Vifungu hivi vyote viwili vilirithiwa na Sheria ya Ushahidi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili kabla ya Uhuru. Bendera ilibadilika juma hilo, lakini swali la kumuuliza mwanamke kizimbani lilibaki lile lile.

Kwa upande wa adhabu, utawala wa kikoloni ulikuwa umeonyesha mapema ni mwanamke yupi aliyekuwa akilini mwake. Mwaka 1926 Baraza la Kutunga Sheria liliufanya ubakaji kuwa kosa la kunyongwa. Maneno ya sheria hayakutaja rangi ya mtu, lakini kilichoisukuma ni hofu ya walowezi juu ya wake na watoto wao wa Kizungu. Mwanamke Mwafrika aliyebakwa na jirani yake, sikwambii na askari, hakuwa sababu ya mjadala ule.

Jambo lililo muhimu zaidi kwa hoja hii ni kwamba sharti la shahidi wa pili halikuandikwa katika kifungu chochote cha sheria ya Kenya kuhusu mwanamke mtu mzima. Lilikuwa ni mazoea ya majaji, nayo mazoea yakarudiwa hadi yakawa na nguvu ya sheria. Katika uamuzi wa kesi ya Maina, ulioripotiwa mwaka 1970 na kunukuliwa na mahakimu kwa miaka thelathini iliyofuata, majaji walieleza kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani katika shtaka la kijinsia kwa kutegemea ushahidi wa mwanamke au msichana peke yake, kwa kuwa wanawake na wasichana wamejulikana kutunga hadithi za uongo. Hakimu aliyetaka kumsadiki mlalamikaji alitakiwa kwanza ajionye kwa maandishi juu ya hatari hiyo, kisha atafute kitu kingine cha kuliegemeza neno lake: nguo iliyoraruka, cheti cha daktari, mtu aliyesikia ukelele. Aliyeibiwa ng'ombe usiku hakuwekewa sharti kama hilo.

Sasa uamuzi huo uwekwe kando ya sheria nyingine iliyotungwa miaka mitatu tu kabla yake. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967 inaelekeza kwamba mahakama hizo zifuate kanuni za ushahidi za Kiislamu, lakini inaongeza masharti mawili: mashahidi wote wasikilizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na kila jambo liamuliwe kwa kupima ukweli wa ushahidi wote, si kwa kuhesabu mashahidi. Bunge la Kenya lilimkataza kadhi asihesabu mashahidi wala asipunguze uzito wa neno la mwanamke. Halikufikiri kumkataza jaji wa Mahakama Kuu. Ilichukuliwa kwamba kasoro hiyo, kama ipo, ni ya Waislamu wa pwani, na kwamba sheria iliyotoka London haina haja ya kuchunguzwa. Dharau hii iliyojificha ndani ya nia njema haijapata kutajwa inavyostahili, hata na wale wanaoandika juu ya mahakama za kadhi.

Aidha, haikuwa kwamba wanawake wa pwani walikuwa bubu mbele ya kadhi. Susan Hirsch, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu mahakama za Mombasa na Malindi, ameonyesha kwamba sehemu kubwa ya mashauri ilifunguliwa na wake dhidi ya waume zao, na kwamba mara nyingi wake ndio walioshinda. Wakati huo huo amebainisha gharama ya ushindi huo. Mke mwema hutarajiwa kuvumilia na kuisitiri nyumba yake. Ili ashinde, hana budi aseme, na kusema kwenyewe kunamvunjia heshima anayoihitaji ili asadikiwe. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 umetajwa mara nyingi mno kuwa asili ya mafunzo ya namna hiyo, kwa sababu unampa binti, Mwana Hashima, wasia wa kumridhi mume baada ya Mungu, Mtume, baba na mama. Si haki kuugeuza wasia wa mama mgonjwa kuwa hati ya mashtaka. Lakini si haki pia kukana kwamba jamii iliutumia kufundishia unyamavu.

Na kadhi, hata akimsadiki mwanamke, uwezo wake una mpaka. Mahakama yake hushughulikia ndoa, talaka na mirathi, wala haina mamlaka ya jinai. Mwanamke aliyepigwa hadi akavunjika mkono aliweza kudai talaka na matunzo, nao mkono uliovunjika ukawa ni hoja ya kuvunja ndoa. Lakini kwa kosa la kumpiga ilimpasa aende kwa polisi, ambako angeambiwa kwamba hayo ni mambo ya nyumbani. Hivyo basi palikuwa na mahakama moja iliyomsikia bila ya kuwa na adhabu, na nyingine yenye adhabu isiyomsikia.

Riwaya ya Kiswahili ilianza kulikabili suala hili kwa uwazi mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika. Mandhari yake ni Ukerewe nchini Tanzania, na kwa hiyo sheria za Kenya hazihusiki moja kwa moja. Hata hivyo, riwaya hiyo imesomwa na kuhakikiwa nchini Kenya kwa kiasi ambacho kinaifanya kuwa mali ya wasomaji wa huku pia, na mfumo wa mahakama ulioko nyuma yake una mzazi yule yule. Zakaria anampiga mkewe Regina. Anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua iliyotoka kwa Charles. Mapigo hayo yameelezwa kwa namna ambayo ilisumbua wakubwa, na kitabu kikapigwa marufuku shuleni. Wahakiki walipolijadili suala la marufuku walishughulika na ngono. Wachache walijiuliza kwa nini, katika riwaya iliyojaa mapigo, hakuna mtu hata mmoja anayefikiria kwenda mahakamani.

Jibu rahisi ni kwamba uhalisia ndivyo ulivyokuwa: nani angemshtaki baba kwa kumpiga bintiye? Jibu hilo halitoshi, maana Kezilahabi hakuiacha mahakama nje ya kitabu chake. Aliisubirisha hadi mwisho, akaifungua mbinguni. Baada ya kufa, Rosa na Zakaria wanasimama mbele ya Mungu, mtoto na mzazi, kila mmoja akiwa na shtaka juu ya mwenzake. Hapo ndipo Rosa anapopata kwa mara ya kwanza baraza linalolazimika kumsikiliza. Duniani, kauli yake haikuwa na thamani kuliko mwili wake, na Charles mwenyewe, aliyekuwa mchumba, anamwacha kwa kile alichokigundua katika mwili huo, bila ya kusubiri maelezo. Kwa maneno mengine, Rosa hawezi kuwa shahidi kwa maana ya kwanza hadi awe amekufa, na mwandishi, ambaye ndiye pekee aliyeona kila kitu, anamwita atoe ushahidi akiwa marehemu. Huu ni ubunifu mkubwa, nao unakata tamaa kuliko wahakiki wengi walivyokiri. Kezilahabi hakuwa akitoa funzo kwa wazazi tu. Alikuwa akionyesha umbali wa mahakama iliyo karibu zaidi.

Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, hali ni tofauti. Bwana Maksuudi ni mwanasiasa, na mkono unaompiga Bi Tamima ni mkono wa mtu mwenye cheo. Kushtakiwa kwake kungekuwa ni kuishtaki serikali kwa serikali. Bi Farashuu, ambaye binti yake Mwanasururu aliwahi kuolewa na Maksuudi na kudhulumiwa mali yake, hamwendei hakimu. Anamwendea mjukuu wake Kazija, na kwa kumtumia yeye anamnasa Maksuudi pamoja na mwanawe Mussa. Uhakiki wa shuleni huita jambo hili kisasi, na mara nyingi huongeza onyo kwamba kisasi si kizuri. Lakini kitendo cha Farashuu kikitazamwa kwa jicho la historia ya ushahidi, kinaonekana kuwa ni kitu kingine. Farashuu anajua kwamba neno lake na la bintiye halitoshi. Anachofanya ni kumtengenezea mdhalimu tukio ambalo litashuhudiwa na mwanamume, tena mwanawe wa kumzaa. Amejitafutia shahidi wa pili kwa hila kwa kuwa hakuweza kumpata kwa haki. Ni jambo la kusikitisha kwamba gharama yake inalipwa na msichana mwingine, ambaye mwili wake ndio chambo. Said Ahmed Mohamed analiona hilo, ingawa halikazii sana.

Wakati riwaya hizi zikisomwa, Bunge la Kenya lilikuwa na mjadala wake. Tume iliyoteuliwa mwaka 1967 kuchunguza sheria za ndoa na talaka ilitoa ripoti mwaka uliofuata, na mswada uliotokana nayo ukakataliwa katika miaka ya sabini. Mwaka 1979 baadhi ya wabunge walilalamika waziwazi kwamba mswada ungemnyang'anya mume Mwafrika haki ya kumrudi mkewe. Sheria ya Ndoa haikupita hadi mwaka 2014.

Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya upili ya mseto ya St Kizito huko Meru, wavulana waliogoma waliwavamia wasichana waliokuwa wamekataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana walikimbilia bweni moja wakajifungia humo. Mlango ulivunjwa. Wasichana 19 walikufa, wengi kwa kubanwa na kukosa pumzi, na 71 walibakwa. Magazeti yaliripoti kwamba kiongozi mmoja wa shule alimweleza Rais Daniel arap Moi, alipofika kujionea, kwamba wavulana hawakuwa na nia ya kuwadhuru wasichana, walitaka tu kuwabaka. Sentensi hiyo imelaaniwa sana, na ni sawa. Hata hivyo haikutoka katika kinywa cha mtu mmoja asiye na akili. Ilitoka katika lugha ambayo tayari ilikuwa imetenga ubakaji na madhara, kama vile sheria ilivyokuwa imelitenga neno la mwanamke na ushahidi. Kiswahili nacho hakina mikono safi. Hadi leo tunasema msichana "ameharibiwa", na kosa la kumwingilia mtoto tunaliita unajisi, kana kwamba lililotokea ni uchafu uliomwingia yeye. Shule ile ilikuwa imepewa jina la kijana mdogo kuliko wote miongoni mwa mashahidi wa Uganda waliouawa mwaka 1886, ambaye kwa mapokeo ya Kanisa alikufa akikataa kuingiliwa na Kabaka. Wasichana 19 walikuwa mashahidi kwa maana hiyo hiyo. Waliobaki hai, ambao wangeweza kuwa mashahidi kwa maana nyingine, ndio ambao taifa lilipata taabu kuwasikiliza.

Mabadiliko ya sheria yalikuja mwanzoni mwa karne hii. Katika kesi ya Mukungu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kumtaka mwanamke aliyebakwa alete ushahidi wa kuunga mkono neno lake, sharti ambalo walalamikaji wa makosa mengine hawawekewi, ni ubaguzi wa kijinsia uliokatazwa na kifungu cha 82 cha Katiba ya wakati huo. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, iliyofikishwa Bungeni na Njoki Ndung'u akiwa mbunge wa kuteuliwa, iliendeleza kazi hiyo: ilibana maswali juu ya maisha ya kimapenzi ya mlalamikaji, nayo Sheria ya Ushahidi ikarekebishwa ili mahakama iweze kumtia mtu hatiani kwa neno la mwathiriwa peke yake, mradi iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu zake.

Mjadala wa mswada huo unafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa fasihi. Mbunge mmoja alisimama akadai kwamba mwanamke wa Kiafrika husema la akiwa na maana ya ndiyo, na wabunge wa kike wakatoka nje. Tukiliacha tusi lenyewe, hapa tunaona kilele cha mantiki ya Hale. Haitoshi tena kusema kwamba masimulizi ya mwanamke yana shaka. Neno lake fupi kuliko yote, lenye silabi moja, nalo linahitaji mfasiri wa kiume. Ili mswada upite, mambo mawili yalitolewa muhanga. Ubakaji ndani ya ndoa uliachwa nje. Na kikaingizwa kifungu cha 38, kilichosema kwamba atakayetoa shtaka la uongo apewe adhabu sawa na ile ambayo angepewa mshtakiwa. Kwa hiyo, mwaka ule ule ambao sheria ilimwondolea mwanamke mzigo wa kutafuta shahidi wa pili, ilimtisha yeye aliye shahidi wa kwanza. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012.

Sheria nzuri hazikufika kituo cha polisi siku ile ile. Mwaka 2012 wasichana wadogo wa Meru, kwa kusaidiwa na shirika la Ripples International, walifungua ombi katika Mahakama Kuu wakieleza jinsi walivyonajisiwa na jinsi polisi walivyokataa kuchunguza, wakadai mafuta ya gari, wakawataka walete mashahidi. Neno hilo tena. Tarehe 27 Mei 2013 mahakama iliamua kwamba kwa uzembe huo polisi walikuwa wamevunja haki za watoto hao kikatiba. Mwezi mmoja baadaye, huko Busia, msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi la wanaume na kutupwa katika shimo la choo. Watatu kati ya wanaume hao walipofikishwa kituoni walipewa adhabu ya kufyeka nyasi, kisha wakaachiliwa. Ilihitajika sahihi zaidi ya milioni moja kutoka pande mbalimbali za dunia ndipo kesi iende mbele, na mwaka 2015 wanaume watatu wakahukumiwa kifungo cha miaka 15. Zikihesabiwa kwa mtindo wa zamani, hizo ni sahihi za mashahidi milioni moja ambao hawakuona lolote, zikiliegemeza neno la mmoja aliyeona.

Kisa cha Jane Muthoni Mara ni kirefu zaidi. Mwaka 1954, akiwa msichana, alizuiliwa katika kambi ya Gatithi na kuteswa kwa chupa katika sehemu zake za siri. Hakimu wa wakati ule hakuwa mtu wa kuendewa na msichana wa Kikuyu aliyetuhumiwa kuwalisha Mau Mau. Alifungua madai London mwaka 2009 pamoja na wazee wenzake, nayo serikali ya Uingereza ikajitetea kwamba muda umepita na mashahidi wamekufa. Kilichosaidia kubadilisha mwelekeo ni majalada ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park, ambayo serikali ililazimika kukiri mwaka 2011 kwamba yapo. Mwaka 2012 mahakama ikaruhusu madai yaendelee, na tarehe 6 Juni 2013 serikali ikatangaza majuto yake na fidia ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Wanawake wa Kirinyaga, Murang'a na Nyeri walikuwa wamesimulia mambo haya jikoni na mashambani kwa muda wa miaka karibu sitini. Wanahistoria walipoanza kuyaandika, waliambiwa kwamba masimulizi ya vikongwe si ushahidi. Karatasi za aliyetesa zikaja kuwa shahidi wa pili wa aliyeteswa.

Katika muktadha huu ndipo Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014) inapopata uzito ambao maswali ya mtihani hayakuugusa. Riwaya hii ilitahiniwa kwa miaka kadhaa katika shule za upili, na maelfu ya watahiniwa wameandika kwamba ukatili dhidi ya wanawake ni mojawapo ya maudhui yake. Ni kweli, lakini ni kweli iliyo tasa. Machafuko katika riwaya yanafuatia uchaguzi ambao mwanamke, Mwekevu, ameshinda. Kundi la vijana linavamia nyumba ya Kaizari. Mkewe Subira anakatwa kwa silaha, na mabinti zake, Lime na Mwanaheri, wanabakwa mbele ya macho yake. Msomaji aliyeifuata historia ya kanuni ya ushahidi ataona mara moja jambo lisilo la kawaida: shahidi wa pili yupo. Ni mwanamume, ni mtu mzima, ni baba, ameona yote kwa macho yake, na akili yake haina dosari. Kila kitu ambacho Hale alikitaka kimetimizwa. Naye Kaizari anachoweza kukifanya ni kumsimulia Ridhaa, mkimbizi kumsimulia mkimbizi, katika kambi isiyo na polisi wa kuandika taarifa.

Matei amelipindua tatizo. Waandishi waliomtangulia walimnyima mwanamke shahidi, wakampa kifo au hila. Yeye amemleta shahidi na kuonyesha kwamba kilichokosekana tangu mwanzo si shahidi bali ni mtu wa kumwendea. Kasoro inabaki, nayo isifichwe: kisa cha Lime na Mwanaheri tunakipata kwa kinywa cha baba yao. Wao wenyewe hawapewi ukurasa wa kusema lililowapata. Mwaka 2014, miaka minane baada ya sheria kukubali kwamba neno la mwathiriwa linatosha, riwaya bado ilikuwa ikimtanguliza shahidi mwanamume.

Wanawake na wanaume waliobakwa katika ghasia halisi za mwaka 2007 na 2008 nao walikuwa wakisubiri. Mwaka 2013 manane kati yao walifungua ombi katika Mahakama Kuu jijini Nairobi, pamoja na mashirika yaliyowaunga mkono, wakidai kwamba serikali haikuwalinda wala haikuchunguza. Walisimulia wenyewe, kwa viapo vyao. Hukumu ilisomwa tarehe 10 Desemba 2020. Mahakama ilikubali kwamba serikali ilikuwa imeshindwa kutimiza wajibu wake wa kuchunguza, ikaamuru walipwe shilingi milioni nne kila mmoja, waombaji wanne kati ya manane.